Siku Moja ya Palizi

Tuliokuwepo ni hawa: nyanya yetu, wadogo zangu watatu, wameshikana mikono kama nilivyowaagiza, mzee wa kanisa letu la Sabato pamoja na waumini wake, jirani yetu Mkatoliki na fahali wake wawili, dereva wa lori aliyekuwa Mwislamu wa mjini Kisii, mwenye kinu, binti yake, na mimi. Juzi nilishuka Kiogoro nikakanyaga lami mahali palipokuwa na tope lile, nikawataja wote kimoyomoyo. Nilicheka peke yangu kando ya barabara. Ngoja nikueleze, rafiki yangu.

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwetu. Wazazi walipotutoka niliacha shule, nikaenda kufanya kazi kwenye kinu cha maji kule mtoni. Mwenye kinu alikuwa Myahudi aliyekimbia Ulaya kabla ya vita akiwa na mtoto mmoja wa kike. Jamaa zao waliobaki huko waliangamia. Kazi yangu ilikuwa kupepeta wimbi na kukung'uta magunia, na hata leo nikisikia unga wa moto unanukia, masikio yangu huanza kuyatafuta mawe yale yakizunguka.

Aliniajiri pia nimwashie moto Jumamosi, kwa kuwa dini yake inamkataza. Jumamosi ya kwanza sikutokea.

"Jana ulikuwa wapi?" aliniuliza kesho yake.

"Jana ilikuwa Sabato."

"Ya nani?"

"Yetu, mzee."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akaketi juu ya gunia. Katika nchi nzima amekwenda kumwajiri Msabato awashe moto siku ya Sabato. Tangu hapo nyumba zote mbili zilikula chakula baridi Jumamosi. Kwetu ilikuwa ndizi za kuchemsha, na chinsaga iliyolala kwenye maziwa tangu Ijumaa. Binti yake alikuja kula kwetu, akisema mboga ile ina uchungu wa kumtosha mtu wiki nzima, kisha anaongeza.

Yeye alikuwa na tamaa moja tu, kuiona nchi ya mababu zake. Tulipokuwa tukikung'uta magunia aliniuliza iko upande gani, nami nikamwonyesha kaskazini, kule ng'ambo ya vilima vya Manga. Kwangu Yerusalemu ilikuwa mahali pa kuimbiwa kanisani. Yeye alikuwa na shangazi huko, jamaa pekee aliyebaki, aliyemwandikia kwamba basi la asubuhi hujaa mno. Nilishangaa kwamba watu wa Yerusalemu nao hugombania viti.

Miaka ya hamsini ilipoanza akapata nafasi. Kundi la vijana lilikuwa linapanda meli Mombasa, na treni yao ingeondoka Kisumu Jumapili asubuhi. Akiikosa, kibali kimekufa. Waliondoka kinuni kwa lori Ijumaa mapema, lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na mbele ya boma letu lori likazama mpaka kwenye ekseli. Tulichimba, tukasukuma, jua likazama na Sabato ikaingia. Mzee wa kanisa akaweka jembe chini. Mwenye kinu naye akapangusa mikono.

"Mnaacha?" dereva akauliza. "Mimi leo nimeswali Ijumaa yangu na kazi nimerudia."

Walilala kwetu. Jumamosi yote lori lilikaa pale barabarani. Jirani yetu alikuwa akipita kila mara, akiliangalia na kutikisa kichwa.

"Niwalete fahali sasa hivi?" akamwambia binti. "Mimi Sabato yangu ni kesho."

 Baba yake alimwachia aamue mwenyewe. Binti aliitazama barabara.

"Nikifika kule kwa kuivunja siku hii," akasema, "nitawaambia mimi ni nani?"

Akarudi kuketi karibu na nyanya, asile kitu.

Jua lilipozama waumini walitoka kanisani moja kwa moja, na nguo zao nyeupe, wakaingia topeni. Jirani akafunga fahali. Lakini Sabato ya akina mwenye kinu haikwisha mpaka nyota tatu zionekane, kwa hiyo baba aligeuka akautazama mto, naye binti akasimama mikono nyuma, uso juu. Tulivuta. Nyanya alikuwa akituimbia na kututukana kwa zamu. Lori likanguruma, likateleza, likapanda ardhi ngumu, na wadogo zangu wakapiga kelele kwamba nyota ya tatu ile pale.

Kwetu ukiita watu wakusaidie, hiyo ni risaga, nawe unadaiwa siku ya kazi katika shamba la kila aliyekuja. Wanawake wakamzunguka binti.

"Umekula risaga yetu na hata kamba hukushika," nyanya akamwambia. "Utatupalilia lini, mama?"

"Nitalipa," akasema, akilia na kucheka.

"Nitamlipia mimi," nikasema.

Treni waliipata. Baba yake alirudi Jumatatu, macho mekundu, akazungusha kinu akipiga mluzi. Baadaye habari ikaja kwamba binti amefika, anafanya kazi kwenye mashamba ya michungwa, na mikono yake imepasuka. Nyanya alizunguka majirani wote akiwaeleza habari ya mikono hiyo kana kwamba ni ya mjukuu wake.

Nami nililipa, shamba baada ya shamba, mpaka nikafika kwa jirani. Akanikatalia mlangoni.

"Yako siitaki. Ya kwangu atakuja kupalilia mwenyewe."

Kila msimu wa wimbi alinikumbusha, mpaka alipofariki. Mwenye kinu naye amelala, mawe yamebebwa, na watu siku hizi hulipwa kwa kibarua. Ukitaja risaga vijana wanakuuliza ni nini. Mahali pa shamba la wimbi la jirani pamejengwa maduka ya mabati. Niliwaeleza wajukuu wa jirani kwamba siku moja ya palizi bado inadaiwa hapa, na mdhamini ni mimi. Walidhani natania.