Kadi ya Magari Kwenye Duara la Mjomba

Jamani, kuna aibu ambayo mtu anazeeka nayo, na yangu imenirudia juzi tu, pale binti yangu aliponiuliza anunue laptop ipi, yenye kadi ya picha ya watu wa kuchora au ile ya wacheza gemu, maana eti zote ni kadi za picha, tofauti iko wapi. Nikaweka kikombe mezani, mke wangu akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo (ameisikia hii hadithi kuliko alivyotaka), nikajua leo tena najianika.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, machimboni, upande wa Geita. Nilikuwa nachora ramani kwenye ofisi moja ya utafiti wa madini, mkataba ukaisha, wakaniachia kompyuta kuukuu ya mezani kama asante, nikaibeba hadi kwa Mjomba Masanja. Mjomba alikuwa na duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, jirani kabisa na duara la Mama Kulwa, na wote wawili walikuwa wanafuata mwamba uleule chini kwa chini. Sasa machimboni kila mtu anajua maduara mawili yakitobokeana ni balaa, kazi inasimama pande zote mpaka ijulikane nani kaingia kwa nani, na kabla haijajulikana watu wameshashikana mashati. Vijana wa Mjomba walikuwa wameshachoronga matundu ya baruti, Mama Kulwa akaja juu, akasema hailipuki baruti hapa mpaka ajue watu wake wako umbali gani na huo mlipuko.

Nani akajitolea? Mimi, na kiherehere changu. Nikashuka maduara yote mawili na futikamba na dira, nikapima kila njia, nikaingiza vipimo kwenye kompyuta. Programu ya ramani iliyoachwa humo na ofisi ilikuwa inachora njia za chini kama mabomba, unaweza kuyageuza ukayaona kila upande, ila kwa kadi iliyokuwamo, ukibonyeza kugeuza unaweza kwenda kunywa chai na kurudi hujachelewa kitu. (Ningeweza kupiga hesabu kwa karatasi, ndiyo, nilifundishwa, lakini nani angeiamini karatasi ya mpwa wa Masanja? Watu walitaka kuona kwa macho.) Mjomba akasema, "Nenda Shinyanga ukanunue hicho kinachotakiwa, na usilale huko."

Shinyanga mjini kulikuwa na Mzee Kanji, aliyekuwa akiuza redio na saa kabla hajaingia kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana." Nikamweleza natafuta kadi ya picha. "Kadi unataka ya kazi au ya kuchezea?"

Akaniwekea maboksi mawili. Moja la kaki, halina hata picha, liliagizwa na kampuni moja ikafungasha virago kabla halijafika. La pili liling'aa, lina gari jekundu linaruka juu ya kilima. Nikauliza hili linafanyaje, kwa kutaka kujua tu, wallahi, naye akalijaribu kwenye kompyuta ya dukani. Jamani! Gari lilikata kona likitimua vumbi, vumbi lenyewe ungetamani kujipangusa, nami nikajikuta nimekaa, nimeshika vitufe, nakwepa miti.

"Hiyo inakisia," Mzee Kanji akasema nyuma yangu. "Mchezaji anataka haraka, hahitaji kujua gari liko wapi hasa. Hii ya kaki ndiyo inashika vipimo."

Nilimsikia vizuri sana. Ila nikajiambia, kitu kinachoweza kuchora gari linakimbia na vumbi lake, kitashindwaje kuchora shimo ambalo limetulia? Nikachukua la gari.

Siku ya maonyesho nilivaa tai. Banda la kusagia mawe likajaa, jenereta likanguruma, Mwenyekiti wa wachimbaji akakaa mbele na Mama Kulwa, Mjomba akasimama nyuma na vijana wake. Nikawasha. Duara la Mjomba jekundu, la Mama Kulwa kijani, picha inazunguka laini kama siagi, watu wakaguna kwa mshangao, nami nikalegeza tai kidogo nipate kupumua sifa. Halafu nikasogeza karibu, pale njia mbili zinapokaribiana, na lile bomba jekundu likachomoza ndani ya la kijani.

Mama Kulwa akasimama. "Masanja! Kumbe umeshaingia kwangu!"

Nikageuza picha haraka, sasa kijani ndiyo ikawa ndani ya nyekundu. Vijana wa Mjomba nao wakaruka, "Wao ndio wametuingilia!" Nikageuza tena, yakawa yanameremeta, mara hili juu, mara lile. Kila nikigusa kitufe, miamba ya Geita inahama. Ndipo sauti ya Mzee Kanji ikanijia sikioni, hiyo inakisia, na jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

"Ni kadi!" nikapiga kelele. "Maduara hayajagusana, ni kadi inakosea!"

"Kadi gani?" Mwenyekiti akauliza, nami kwa ujinga nikampa boksi. Akaligeuza polepole, akalinyanyua watu wote walione. "Shija, hili gari linachimba?"

Banda likavunjika kwa vicheko. Na kwa kuwa binadamu ni yuleyule kila mahali, mtu akasema hebu tulione hilo gari, nikaliwasha (ningefanyaje, nilitaka wajue siwadanganyi), na waliokuwa wanataka kupigana wakabanana bega kwa bega kuangalia. Mwenyekiti akaomba kuendesha, akagonga mti. Mama Kulwa akauliza, "Sasa likigonga, dereva anakufa?" Nikamwambia hapana Mama, anaanza upya.

Mjomba hakucheka. Alikuja mpaka mbele, akasema taratibu, "Mjomba, watu wako chini ya ardhi, na wewe umeninunulia gari." Mwenyekiti akasimamisha kazi kwenye maduara yote mawili, baruti isiguswe.

Nikarudi Shinyanga na tai mfukoni. Boksi la kaki Mzee Kanji alikuwa ameliacha palepale juu ya kaunta.

Mara ya pili watu walikuja wachache. Picha ilizunguka bila mbwembwe, ila ilitulia. Ukigeuza hivi, mabomba hayagusani, ukigeuza vile, hayagusani. Nikaanza kusema "Mnaona sasa?", Mjomba akanikatiza.

"Kati yao pamebaki kiasi gani?"

Nikasoma. Hapafiki hatua moja ya mtu mzima. Kila mtu pale alijua baruti ya Mjomba ingekula mwamba zaidi ya huo. Mama Kulwa akakaribia kioo, akaweka kidole mwisho wa ile njia ya kijani.

"Hapa ndipo anapochimba Kulwa wangu," akasema. "Siku ile mlipotaka kulipua, alikuwa hapa."

Mjomba akavua kofia. Akatuma vijana wakatoe baruti saa ileile, wafuate mwamba upande wa pili. Mimi, kwa kuwa mdomo wangu haujui pa kukaa, nikasema, "Kumbe ile kadi ya magari ndiyo imemwokoa Kulwa! Isingekosea, kazi isingesimama, mngelipua!"

"Nyamaza," Mjomba akasema. "Ile haikujua inasema nini. Na wewe hukujua."

Tangu siku hiyo machimboni niliitwa Dereva, na nikaapa sitachora tena mahali alipo mtoto wa mtu kwa kifaa kinachokisia. Binti yangu anasomea kujenga madaraja, kwa hiyo nikamwambia achukue ile ya kuchora, wala asinibishie. Akacheka, akauliza sasa gemu atachezea wapi.

Nikamwambia, "Kwenye daraja lako, mwanangu, dereva akianguka haanzi upya."