Nishikie Uzi Huu

Mshauri wa wanafunzi pale chuoni ana sauti ya chini na mikono isiyojua kutulia. Akikusikiliza, hufuma sweta, asikukazie macho. Binti wa mwaka wa pili alipoingia na begi lake, akisema anaacha masomo kwa kuwa hali wala halali kwa hofu ya mtihani, mshauri alimsogezea kiti. “Kaa, mwanangu. Nishikie uzi huu.” Binti akashika, akalia mpaka kwikwi zikamwisha. “Sasa twende kwa mkuu wa idara. Nitasema mimi, wewe itikia tu.” Walipotoka huko, mtihani ukiwa umeshasogezwa mbele, binti akatazama chini, akacheka. “Mama, kumbe viatu vyako havifanani!” “Nimeviona tangu asubuhi, mwanangu. Na bado kazini nimefika.”