Moshi Juu ya Ziwa

Juzi niliona wingu jeusi limesimama juu ya ziwa, nikashtuka kama siku ile baba alipotutoa Kishapu kwenda kuogelea upande wa Geita. Alikuwa mbali, ndani ya mtumbwi, nilipouona moshi ukimfunika. Manyunyu yalianguka, lakini hayakuuzima. Kwetu, nyasi zikiungua, kila mtu hukimbia na tawi kuuchapa moto. Nikavunja tawi, nikaingia majini, nikayachapa huku nikilia.

“Minza, toka!” mama alipiga kelele.

“Anazima ziwa!” kaka akacheka.

Moshi ukatufikia, ukaniingia puani ukitambaa na kunuka samaki. Kumbe ni kundi kubwa la wadudu wadogo wa ziwani.

Baba alirudi akicheka. “Ulikuwa unazima nini, mwanangu?”

“Wewe, baba.”

Akanibeba na tawi langu.