Somo la R na L

Mume wangu amenunua sabuni mpya ya kunyolea, na asubuhi hii harufu yake imenirudisha nyumbani kwetu Nabuyonga. Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Kila jioni alinisimamisha mbele ya kioo chake cha kunyolea ili niutazame ulimi wangu, kwa sababu nilichanganya r na l kama watoto wote wa mtaa. Nilirudia river, road, grow mpaka mate yakanikauka.

Kisha walimu wawili wa shule yake walichukuliwa na wanajeshi, wasionekane tena. Tulipokwenda Jinja kumwona shangazi, Baba alivaa shati lililochakaa na malapa. Pale kwenye kizuizi cha wanajeshi cha Bugembe, askari alitushusha kwenye basi.

"Kazi yako nini?"

"Mimi mukulima tu, afande. Nalima kahawa kule Wanale."

Askari akaitazama mikono yake laini, kisha akanigeukia mimi. "Toto ya mwalimu najua Kingereza muzuri. Wewe, sema na Kingereza, baba nafanya kazi gani?"

Nikajibu polepole, "My fada glow coffee, afande."

Askari akacheka, akatuashiria tupande.

Ndani ya basi Baba alitazama dirishani. Hakuwahi kuliacha kosa langu lipite, hata mbele ya wageni. Siku ile hakuniambia nirudie.