Fundi Aliyeacha Maandishi ya Mama

Leo wakwe zetu kutoka kando ya ziwa wamecheka mama yangu akilia.

Msiwalaumu. Mama hawezi kusafiri, kwa hiyo tulimrekodi akimbariki mjukuu wake, binti yangu Chebet aliyeolewa kwao, kwa Kikipsigis. Nami nikaandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, wiki nzima, maana wakwe hawajui Kikipsigis.

Runinga ikakataa faili ya MKV. Nikaipeleka kwa fundi mjini Kericho aigeuze iwe MP4.

Kazi yenyewe ni kama kuhamisha maziwa kutoka kibuyu hadi jagi. Hupiki upya. Picha, sauti na maandishi vyote huhama, mradi ukumbuke kuvihamisha.

Fundi aliacha maandishi kibuyuni. Wageni walimwona Mama akifuta macho, wakadhani ni kicheko.

Nikampigia simu.

"Fundi, uliitazama?"

"Mwanzo hadi mwisho, mzee! Huyo kogo, bibi wa watu, alinitoa machozi."

"Na maandishi ya Kiswahili?"

"Ya nini, mzee? Mimi nilielewa kila kitu."

Mkipsigis mwenzangu huyo!

Nikaigeuza faili mwenyewe, maandishi yakiwemo, kwa kompyuta ya Chebet, chai ya wageni ikiwa bado moto. Safari hii mama mkwe wake alilia kabla ya Mama.

Sasa niambieni: fundi huyu tumtafutie mke kando ya ziwa, ajue maandishi ni ya nini?