Mwani Uliogeuka Kijani

Shwaa! Nilisikia maji ya moto yakimiminwa jikoni nikiwa bado mezani, kalamu mkononi. Nikakimbilia jikoni. Nilikuwa nimesahau.

Asubuhi hiyo dada yangu alikuwa amepita nyumbani kwetu Kola akitoka pwani, na ndoo ya mwani mwekundu ndani ya maji ya bahari. Ulikuwa wa utafiti wake wa chuo kikuu. Kabla ya kwenda Machakos mjini kutafuta barafu, aliniachia mlangoni ujumbe kwa mama: "Mwambie mwaitu hii si mboga." Nikaitikia bila kuinua kichwa.

Nilimkuta mama juu ya sufuria, ameridhika. Alikuwa ameuchovya mwani wote, kama tunavyochovya majani ya kunde kabla ya kuyaanika kwenye gunia.

"Mboga zilikuwa zimeungua na jua la huko pwani," akasema. "Angalia sasa, rangi imerudi."

Kweli, wekundu ulikuwa umetoka, mwani umebaki kijani kibichi.

Dada aliporudi, akachungulia sufuria.

"Nimekuokolea mboga, mwana wakwa," mama akamwambia bintiye. "Lakini huyo aliyekuuzia ni mwizi. Chumvi tupu!"

"Asante, mwaitu." Akajilazimisha hata kucheka.

Mama alipotoka kwenda kuanika, dada alinieleza polepole, kana kwamba anasoma barua ya msiba. Kijani kilikuwamo tangu mwanzo. Wekundu hukifunika tu, nao ndio unaonasa mwanga hafifu wa buluu unaofika kilindini; joto huuvunja. Lakini yeye hakufuata rangi. Mbegu za kiume za mwani huo hazina mkia, haziwezi kuogelea. Husukumwa na maji tu, mpaka moja iguse unywele mwembamba wa chembe ya kike. Alitaka kuona mguso huo ukitokea, mwani ukiwa hai chini ya hadubini. Mara mbili alishuka pwani akakosa mimea iliyokomaa. Safari hii alikuwa ameipata.

"Ulimwambia?"

Jibu lilikuwa neno moja, nami nilikuwa nalo. Badala yake nikasema, "Si ni mwani tu? Bahari haijaisha."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningepata pa kuanzia kuomba msamaha. Aliimwaga barafu kwenye karai, akachukua begi lake, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake taratibu.