Hapo Anaingia Baba Yako

Baba alikufa kwa homa mwezi wa pili, mpunga alioupanda mwenyewe ukiwa bado mchanga. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na kiburi cha kuwatosha watu watatu.

Mpunga ulipoanza kutunga maziwa, mimi na mama tulihamia shambani, ng'ambo ya mto Lumemo, kuamia ndege wasiumalize mpunga. Tangu alfajiri hadi jua kuzama tulikaa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga. Kwelea kwelea wakishuka kundi zima, asubuhi moja inatosha kukumaliza, na sisi hatukuwa na chakula kingine cha mwaka ule.

Mama aliwafukuza kwa nyimbo za kanisani. Si za msiba, hizo ningemwelewa. Aliimba za Pasaka, kwa sauti ya kusikika hadi kijiji cha Mkula, uso umekunjuka. Kila akifika kwenye kiitikio alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Nilidhani pumzi zinamwishia. Furaha ile niliichukia, maana niliona amemsahau baba upesi mno.

"Mama, unaimba kama mtu asiye na msiba," nilimwambia.

"Ndege hawajui kama tuna msiba," akasema. "Na Bwana amefufuka hata mwaka huu."

Nikanuna. Nikabaki kuwafukuza ndege kwa kupiga debe tupu, mdomo nimeufunga.

Jumatatu ya Pasaka mama aliamka sauti imemkauka kabisa. Nilipiga debe asubuhi nzima, lakini ndege walikwisha kulizoea, wakala bila haraka. Nikarusha madonge ya udongo kwa kombeo hadi bega likauma. Kona ya chini, aliyoipanda baba siku zake za mwisho, ikajaa ndege. Mama alinitazama tu, hakuniomba kitu.

Basi nikaimba. Niliimba kwa hasira, wimbo wake uleule wa Pasaka, na ndege wakaruka. Nilipofika kwenye kiitikio nikataka kuunganisha moja kwa moja. Mama akaninyooshea kiganja.

"Ngoja," akanong'ona. "Hapo anaingia baba yako."

Baba alikuwa akiimba besi kwenye kwaya yetu. Kwenye kiitikio kile wote walinyamaza, yeye akapita peke yake, ndipo wenzake wakamfuata. Nilikuwa nimesikia hivyo tangu utotoni, na wiki zote zile juu ya dungu sikukumbuka. Nikamgeukia mama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anatabasamu, wala hakujisumbua kuyafuta.

Nikangoja hadi zamu ya baba ikaisha. Mama akaniashiria kwa kichwa, nikaendelea, na nikajiona ninafurahi, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Tulivuna mwezi wa sita, pamoja na ile kona ya chini.

Sasa mama naye amelala kando ya baba. Furaha ile bado ninayo, ila nikiuimba wimbo ule ninangoja mara mbili.